Oasisi za Maandiko ya Kiebrania: ya Kale, ya Chini, na Ile Iliyowachosha Watafutaji

Kutoka Horebu hadi Kadesh-barnea ni mwendo wa siku 11 kwa njia ya mlima Seiri. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinasema hivyo karibu na mwanzo wake, kwa wepesi wa mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha basi, kisha kinaendelea na mengine. Lakini wataalamu hawajakubaliana Horebu ni mlima upi, kwa hiyo siku hizo 11 zinaanzia mahali penye ubishi na kuishia mahali penye ubishi mkubwa zaidi.

Maandiko ya Kiebrania yamejaa visima, chemchemi na mitende ya jangwani. Tangu miaka ya 1830, wachungaji wa makanisa, maprofesa, wanajeshi na wanaakiolojia wamekuwa wakikata Sinai, Negebu na Arabuni kwa ngamia, na baadaye kwa magari, wakijaribu kulikutanisha kila jina na maji yake. Baadhi ya oasisi hazikuwasumbua hata kidogo, kwa kuwa wenyeji hawakuwahi kuzisahau. Nyingine zimegombanisha wataalamu kwa vizazi. Zifuatazo ni zile zinazostahili taji, kila moja kwa sababu yake, na nitaanza na ile inayonivutia kuliko zote.

Iliyotafutwa kuliko zote: Kadesh-barnea

Ni oasisi chache mno zilizobebeshwa mambo mazito kama hii. Hapo ndipo wapelelezi 12 waliporejea na kichala chao cha zabibu, kisha wengi wao wakawavunja watu moyo. Hapo ndipo Miriamu alipofariki na kuzikwa. Hapo ndipo, kwa masimulizi ya kitabu cha Hesabu, Musa alipoupiga mwamba mara mbili, maji yakatoka, naye akaambiwa kwamba hatawaingiza watu katika nchi ya ahadi. Kadeshi inarudi tena katika Yoshua na Ezekieli kama alama ya mpaka wa kusini. Mahali penye historia hiyo ungetarajia pajulikane kwa kila mchunga mbuzi.

Zamani jibu la kawaida lilielekea Petra, katika Yordani ya leo. Tafsiri za Kiaramu za Torati, yaani targumu, zinaiita Kadeshi kwa jina la Rekemu, jina ambalo Petra nayo iliitwa. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasema Haruni alifia kwenye mlima ulio jirani na mji huo, na hadi leo kuna ziara ya Nabii Harun juu ya Jabal Harun.

Mwaka 1838 akaja Edward Robinson, mwanazuoni wa Marekani, akiandamana na mmisionari Eli Smith aliyekijua vyema Kiarabu. Kanuni ya Robinson ilikuwa rahisi na ilimpa mafanikio makubwa: sikiliza majina wanayoyatumia wenyeji, kwa kuwa jina la Kiebrania mara nyingi limejificha ndani ya jina la Kiarabu. Kwa njia hiyo alitambua vijiji vingi vya Palestina. Ajabu ni kwamba alipofika kwenye suala la Kadeshi aliiweka kanuni hiyo kando, akachagua Ain el-Weibeh katika bonde la Araba. Palikuwa na maji, palikaribiana na Edomu, na jina halikufanana hata kidogo.

Miaka 4 baadaye mchungaji Mwingereza, John Rowlands, aliingia jangwani kusini-magharibi mwa Negebu akaonyeshwa chemchemi iitwayo Ain Qadis. Jina lenyewe lilimtosha. Barua yake ya furaha ilichapishwa mwaka 1845, ikaingia katika mabishano ya wasomi, kisha kwa muda mrefu watu wachache sana walithubutu kwenda kuhakikisha, kwa sababu njia ilikuwa ya hatari na Wabedui wa pale hawakupenda wageni wenye daftari. Edward Henry Palmer, profesa wa Kiarabu wa Cambridge, alipita eneo hilo mwaka 1870. Miaka 12 baadaye aliuawa katika jangwa la Sinai hiyohiyo akiwa katika kazi ya siri ya serikali yake.

Mwaka 1881 ikawa zamu ya Henry Clay Trumbull wa Philadelphia, mhariri wa gazeti la shule za Jumapili. Alifika Ain Qadis, akarudi nyumbani, na mwaka 1884 akatoa kitabu kizima juu ya Kadesh-barnea. Ndani yake chemchemi ile imekuwa bustani: majani mabichi, mitini, madimbwi, ndege wanaoimba. Ukikisoma unatamani kufunga mizigo. Wasafiri waliomfuata walikuta bonde kavu la mawe, kisima kimoja au viwili na maji yanayotiririka kidogo kisha kumezwa na mchanga. Sidhani Trumbull aliongopa kwa makusudi. Mtu aliyesafiri kwa wiki kadhaa katika jua la Sinai akiwa na Kutoka na Hesabu kichwani, dimbwi lolote atakalolikuta litakuwa bustani.

Kuna hesabu moja ambayo ingemsaidia. Kitabu cha Hesabu kinataja wanaume 603,550 wa kwenda vitani. Mpe kila mmoja lita 3 tu za kunywa kwa siku, usimpe mkewe, usiwape watoto, usiwanyweshe kondoo, na tayari unahitaji zaidi ya lita 1,800,000. Hata ukiipunguza idadi ya watu, kama wafafanuzi wengi wanavyofanya, Ain Qadis haiwezi kulisha kambi yoyote ya maana.

Mwaka 1910 Nathaniel Schmidt, profesa wa Marekani, alipendekeza mahali pengine: Ain el-Qudeirat, umbali wa kama kilometa 10 kutoka Ain Qadis. Pale maji ni mengi kweli. Chemchemi inalisha kijito, kijito kinalisha mashamba, na katikati ya bonde kuna kilima cha magofu. Miaka 4 baadaye vijana wawili Waingereza wakaja kulikagua eneo hilo kwa niaba ya Palestine Exploration Fund: Leonard Woolley, ambaye baadaye angechimba makaburi ya kifalme ya Uru, na T. E. Lawrence, ambaye dunia ingemjua kwa uasi wa Waarabu. Ilikuwa Januari na Februari 1914. Rasmi, walitafuta mambo ya kale. Wakati huohuo maofisa wa jeshi chini ya Kapteni Stewart Newcombe walichora ramani ya jangwa lililokuwa mikononi mwa Waturuki, na wale wawili na vigae vyao walitumika kuifunika kazi hiyo. Kitabu chao kilichotoka mwaka 1915, miezi michache tangu Uingereza na Uturuki ziingie vitani, kilimkejeli Trumbull bila huruma na kuunga mkono Qudeirat.

Kwa hiyo jina liko penye maji haba, na maji yako pasipo na jina. Wataalamu walio wengi wamechagua maji.

Uchimbaji ulifanywa na Waisraeli, na nyakati zote mbili nafasi ilipatikana kwa sababu ya vita. Moshe Dothan alichimba mwaka 1956 jeshi la Israeli lilipoiteka Sinai kwa mara ya kwanza. Rudolf Cohen alichimba kuanzia 1976, Israeli ikiwa imeiteka tena, hadi 1982, mwaka ambao Sinai ilirudishwa kwa Misri. Kilima kilitoa ngome tatu, moja juu ya nyingine. Ya mwanzo ni ya umbo la duara refu, na Cohen aliiweka karne ya 10 K.K. Juu yake ikajengwa ya mstatili yenye kuta nene na minara, na ya mwisho iliteketea kwa moto mwanzoni mwa karne ya 6 K.K., wakati ufalme wa Yuda ulipokuwa ukianguka mbele ya Babeli. Kati ya vitu vilivyookotwa, ninavyovipenda zaidi ni vigae vilivyotumika kama daftari: mwandishi wa ngomeni alikuwa akifanya mazoezi ya kuandika tarakimu kwa hati ya Kimisri.

Kisichopatikana ni dalili ya kambi ya zama za Musa, iwe utazihesabu katika karne ya 13 K.K. au ya 15. Vipimo vya kaboni vimewafanya baadhi ya watafiti wasogeze mwanzo wa makazi nyuma kidogo, na ubishi juu ya vyungu vya safu ya chini unaendelea, lakini pengo lenyewe halijazibwa. Mtetezi wa imani atasema hema haliachi msingi wa mawe, na hilo ni kweli. Mimi naona jambo moja liko wazi: waandishi wa Yerusalemu wa karne ya 8 na ya 7 K.K. walipoandika juu ya mpaka wao wa kusini, walikuwa na ngome yao hapo, na kuna uwezekano mkubwa kwamba Kadeshi waliyoijua wao ndiyo hii. Kama Miriamu alizikwa katika bonde lilelile ni swali ambalo chepeo haiwezi kulijibu. Katika miaka ya 1990 Israeli iliirudishia Misri vitu vilivyochimbwa Sinai, na leo bonde liko ndani ya mpaka wa Misri, karibu na mji mdogo wa Quseima.

Iliyoelezwa kwa hesabu kamili, na bado haijulikani: Elimu

Kutoka 15 inatoa chemchemi 12 na mitende 70. Ni nadra kupata kitabu cha kale kinachotoa takwimu nadhifu namna hiyo, na ndiyo maana kila msafiri alianza kuhesabu. Wengi husimama Wadi Gharandel, upande wa magharibi wa rasi ya Sinai, kwa kuwa ni kituo cha maji katika njia inayoshuka kutoka Suez. Wengine hupendelea Ayun Musa, ambapo idadi ya visima imebadilika kila msafiri alipopita, kwani visima hufukiwa na mchanga na kuchimbwa upya.

Jibu la kale la kuvutia zaidi ninalolijua ni la Cosmas Indicopleustes, mfanyabiashara wa Aleksandria wa karne ya 6 aliyeishia kuwa mtawa. Yeye aliiweka Elimu huko Raithu, bandari inayoitwa leo al-Tur. Ana ushahidi dhaifu kama wenzake, lakini sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kumkumbuka: katika kitabu hichohicho anaitaja Zingion, ng'ambo ya nchi ya ubani, jina ambalo wanahistoria wanalihusisha na nchi ya Zanj. Na mitende 70? Mtende hauishi miaka 3,000. Anayeihesabu leo anahesabu mashamba ya watu.

Ya kale kuliko zote: Yeriko

Hii haikupotea. Wenyeji waliiita Ariha, chemchemi ya Ain es-Sultan ilikuwa inabubujika, na Kumbukumbu la Torati tayari limeiita mji wa mitende. Wayahudi na Wakristo wanaiita chemchemi hiyo chemchemi ya Elisha, kwa kisa cha nabii kuyaponya maji kwa chumvi. Kilichobaki kilikuwa kuchimba. Charles Warren alitoboa mashimo katika kilima cha Tell es-Sultan mwaka 1868, akaona hakuna la maana, na shimo lake moja lilipita pembeni kidogo tu mwa kitu ambacho Kathleen Kenyon alikifunua katika miaka ya 1950: mnara wa mawe wenye urefu wa zaidi ya meta 8 na ngazi ya vidato 22 ndani yake, uliojengwa yapata mwaka 8000 K.K., kabla watu wa eneo hilo hawajajua kufinyanga chungu. Warren maskini. UNESCO ilikiingiza kilima hicho katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Yeriko iko zaidi ya meta 200 chini ya usawa wa bahari, na hakuna mji ulio chini kuliko huo, lakini kwa oasisi taji hilo linachukuliwa na jirani yake.

Ya chini kuliko zote, na yenye siri kuliko zote: En-gedi

En-gedi imeegemea ukingo wa magharibi wa Bahari ya Chumvi, nchi kavu iliyo chini kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya meta 430 chini ya usawa wa bahari pale majini. Maji matamu yanaporomoka kutoka majabalini si mbali na maji ambamo samaki hawezi kuishi. Daudi alijificha katika mapango yake akimkimbia Sauli, na Wimbo Ulio Bora unaitaja pamoja na maua ya mhina, mmea ambao mwanamke wa Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa. Jina nalo lilidumu: Ain Jidi.

Utajiri wa En-gedi ulikuwa zeri, utomvu wa manukato uliouzwa kwa bei ya ajabu katika dola ya Roma. Namna ya kuilima na kuitayarisha ilikuwa mali ya wachache. Wanaakiolojia waliochimba sinagogi la kijiji hicho mwaka 1970 walikuta sakafu ya vipande vya mawe yenye maandishi ya Kiaramu yanayomlaani mtu atakayewagombanisha wenzake, atakayeiba, au atakayeifichua siri ya mji. Siri gani haikusemwa, bila shaka, na wengi wanaamini ni ya zeri. Ikiwa ni hivyo, laana ilifanya kazi. Kijiji kiliteketea karne nyingi zilizopita, na hadi leo wataalamu wa mimea hawajaafikiana kwa uhakika juu ya mti uliotoa utomvu ule.

Katika sinagogi hilohilo, ndani ya sanduku takatifu, ziliokotwa hati za ngozi zilizoungua hadi kuwa makaa. Ukizigusa zinavunjika. Zilihifadhiwa tu, bila matumaini. Kisha Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky na wenzake wakapewa picha za eksirei za tabaka baada ya tabaka za hati mojawapo, wakaandika programu ya kuikunjua ndani ya kompyuta bila mkono wa mtu kuigusa, na mwaka 2016 wakatangaza matokeo yao: sura za mwanzo za Mambo ya Walawi, herufi zinasomeka vizuri, na konsonanti zake ni zilezile za matini ya Kimasora inayotumika masinagogini leo. Miaka 46 baada ya kuokotwa, kipande cha kaa kikasomeka.

Iliyompata mfalme wa ajabu kuliko wote: Tema

Ayubu anaitaja misafara ya Tema ikitafuta maji katika mabonde yaliyokauka, na Isaya anawataka wakaaji wake wawapelekee maji wakimbizi wenye kiu. Ni Tayma, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia, na hakuna aliyebisha sana kuhusu hilo. Kisima chake kikuu, Bir Haddaj, kina upana wa kama meta 18, mdomo mpana kiasi kwamba ngamia kwa makumi walivuta maji kwa wakati mmoja, huku magurudumu ya mbao yakilia mchana kutwa.

Yapata mwaka 553 K.K., Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliuacha mji mkubwa kuliko yote aliyoitawala, akamwachia mwanawe Belshaza shughuli za utawala, akaenda kukaa Tema miaka 10. Ndiyo, Belshaza yule wa kitabu cha Danieli, wa karamu na maandishi ukutani. Kwa nini baba yake alihamia jangwani? Wapo wanaosema ni biashara ya ubani, wapo wanaosema ni ugomvi na makuhani wa Marduki kwa sababu alimpendelea mungu-mwezi Sini. Kati ya hati za Qumran kuna kipande cha Kiaramu kinachosema aliugua huko miaka 7, kisa kinachokaribiana mno na kile cha Nebukadneza kula majani kama ng'ombe.

Nabonido mwenyewe aliacha maandishi Harani, yaliyogunduliwa mwaka 1956, yanayozitaja oasisi alizozishika: Tema, Dadanu, Padakku, Hibra, Yadihu, hadi Yatribu. Dadanu ni Dedani ya Ezekieli, iliyo al-Ula ya leo. Yatribu ni Yathrib, mji ambao miaka zaidi ya 1,100 baadaye ungempokea Mtume Muhammad na kuitwa Madina. Ushahidi wa jiwe ukathibitisha yale ambayo vitabu kumi visingeyathibitisha.

Kubwa kuliko zote haimo

Msomaji atakayeuliza ukubwa nitamwelekeza mashariki ya Saudi Arabia, al-Ahsa, yenye mitende zaidi ya milioni 2.5, ambayo kitabu cha Guinness kiliitambua mwaka 2020 kuwa oasisi kubwa kuliko zote duniani. Waandishi wa Kiebrania hawakuitaja. Wao waliandika juu ya maji yaliyokuwa njiani kwao.

Isiyo na matumaini kuliko zote: kisima cha Hajiri

Mwanzo 16 inamweleza kijakazi Mmisri, mjamzito, aliyetoroka mateso ya bibi yake na kukutwa na malaika penye chemchemi jangwani. Kisima kikaitwa Beer-lahai-roi, nacho, kwa maelezo ya kitabu, kiko kati ya Kadeshi na Beredi. Waislamu wanamkumbuka Bi Hajar kwa maji mengine, ya Zamzam, na hayo leo hayahitaji mtafutaji: mamilioni huyanywa kila mwaka palepale Makka.

Rowlands, yule wa Ain Qadis, aliamini amekipata na kisima hiki, huko Muweilih upande wa kaskazini-magharibi, ambako Wabedui walimwonyesha pango waliloliita nyumba ya Hajar. Baadhi ya ramani za Biblia bado zinamfuata, zikiweka alama ya kuuliza pembeni ya jina. Ukiihamisha Kadeshi, kisima kinahama nayo. Na Beredi, alama ya upande wa pili, hakuna aliyewahi kuionyesha.